Kivuli si Rangi Nyeusi: Kwa Nini Wahusika Tunaowachora kwenye Simu Hufanana na Wachoma Mkaa

Mpwa wangu alinitumia mchoro usiku wa Jumapili. Alikuwa amemchora muuza madafu: kijana kasimama kando ya baiskeli yake, dafu mkono wa kushoto, panga mkono wa kulia, shati jeupe, jua kali. Chini yake ameandika: "Shikamoo mjomba. Watu wananiambia shedingi mbovu na anatomia imekosea. Nimeongeza vivuli mara tatu, ndiyo kwanza anazidi kuwa mchafu. Nifanyeje?"

Nikamtazama yule muuza madafu. Kweli alikuwa mchafu. Ungedhani katoka tanurini kuchoma mkaa, kapita kununua dafu, mwenye baiskeli akamwachia panga ashike zamu. Sikucheka sana, maana mhusika wangu wa kwanza kumchora kwa tableti alikuwa bibi aliyejitanda kanga, na dada yangu alipomwona aliniuliza kama ni tangazo la majiko banifu.

Anayejifunza kuchora wahusika kidijitali huyasikia maneno haya matatu kila siku: rangi haijakaa, kivuli hakijakaa, anatomia imekosea. Yanatamkwa kama magonjwa matatu yenye dawa tatu. Basi mtu anapakua brashi mpya kwa ajili ya rangi, anatafuta video ya kivuli, anahifadhi chati ya misuli kwa ajili ya anatomia, na mwezi ukiisha mhusika ni yuleyule. Ninavyoona mimi, mara nyingi ugonjwa ni mmoja: mchoraji hajaamua kitu anachokichora kina umbo gani, na mwanga unakifikia kutoka wapi. Mengine yote yananing'inia hapo.

Kwanza tukubaliane maneno, kwa sababu nusu ya mkanganyiko imo kwenye maneno yenyewe.

Tunaposema "rangi" tunachanganya vitu vitatu ambavyo programu ya kuchorea inavitenga. Cha kwanza ni rangi yenyewe: nyekundu, manjano, bluu. Kwenye kile kiduara cha kuchagulia rangi hupimwa kwa digrii, 0 mpaka 360, kama unavyozunguka saa ya ukutani. Cha pili ni kukolea. Kanga nyekundu ukiifua mwaka mzima inabaki nyekundu, lakini haijakolea tena, imepauka. Cha tatu nitakiita toni, yaani kiasi cha mwanga kilichomo kwenye rangi hiyo. Kanga ileile ukiitazama saa moja jioni umeme umekatika, haijabadilika kuwa rangi nyingine wala haijapauka. Toni yake imeshuka.

"Kivuli" nako ni neno moja lenye kazi mbili. Kuna upande wa kitu usioona mwanga, kama ubavu wa mtungi ulioupa mgongo mlango. Halafu kuna kile kitu kinachotupa: kivuli cha mwembe kilicholala chini ambacho watu hukaa wakacheza bao. Cha kwanza nitakiita kivuli cha mwili, cha pili kivuli cha kutupwa. Vinatii kanuni tofauti, na wengi wanaviharibu kwa kuvichora sawasawa.

Anatomia nayo si kukariri majina ya misuli. Kwa mchoraji wa wahusika ni kujua mwili unapinda wapi, mfupa uko karibu na ngozi wapi, na uzito umekaa mguu gani. Daktari anahitaji zaidi ya hapo. Wewe utafika mbali na hayo.

Sasa turudi kwa muuza madafu. Nilimwambia mpwa wangu ageuze picha nzima iwe nyeusi na nyeupe. Programu nyingi zina njia ya kufanya hivyo kwa muda, na simu nyingi zina mpangilio wa kugeuza skrini yote kuwa ya kijivu. Alipogeuza, muuza madafu alitoweka. Uso, kaptula, baiskeli na ukuta wa nyuma vyote vilikuwa kijivu kimoja. Shati peke yake ndilo lililoonekana, likielea kama limeanikwa.

Hapo ndipo tatizo la "rangi" lilipokuwa, na halikuwa la rangi. Lilikuwa la toni. Jicho linatambua umbo kwa tofauti za toni kwanza. Rangi inakuja kupamba. Ndiyo maana picha za zamani za harusi za wazazi wetu, zisizo na rangi hata moja, bado tunamtambua nani ni shangazi na nani ni mpambe. Toni zikipangwa vizuri, unaweza kumpaka mhusika zambarau na watu wakamwelewa. Zikivurugika, hata uchague rangi nzuri kiasi gani hutamwokoa.

Ubaya ni kwamba jicho lenyewe ni shahidi wa kubabaisha. Mwaka 1995 Edward Adelson, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha MIT nchini Marekani, alitengeneza picha ya ubao wa drafti uliotupiwa kivuli na silinda. Mraba mmoja mweusi uko nje ya kivuli, mraba mmoja mweupe uko ndani yake. Kila anayeitazama anaapa kwamba ni rangi mbili tofauti. Ukiipima kwa zana ya kuchukulia rangi, ni kijivu kilekile. Ubongo umeshafanya hesabu yake: huu uko kivulini, kwa hiyo lazima ni mweupe.

Zaidi ya karne moja kabla yake, Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikutana na jambo hilohilo kwenye nyuzi. Alikuwa mkuu wa upakaji rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya Gobelins, Paris, na wafumaji walilalamika kwamba nyuzi zao nyeusi hazikuwa nyeusi vya kutosha. Mkemia huyo akagundua kwamba dawa ya rangi haikuwa na kosa. Uzi mweusi ulionekana dhaifu kwa sababu ya rangi zilizofumwa jirani yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima juu ya hilo. Anayeuza vitenge Kariakoo analijua bila kitabu, ndiyo maana hakuonyeshi kitenge juu ya kitenge kingine chenye kelele.

Faida yake kwa mchoraji ni hii. Turubai ya programu hufunguka ikiwa nyeupe pepe. Juu ya weupe huo, ngozi ya kahawia inaonekana nyeusi kuliko ilivyo, kwa hiyo mkono wako unaipandisha, unaipandisha tena, mpaka ukija kuweka mandhari ya nyuma mhusika anawaka kama taa. Kabla ya kugusa ngozi, ijaze turubai kijivu cha katikati. Ni sekunde 2, na sijaona brashi ya kulipia inayofanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Baada ya toni, umbo. Chukua dafu lenyewe. Weka dirishani asubuhi, mwanga unaingia upande mmoja. Upande unaoutazama mwanga ni mweupe zaidi. Unapozunguka, dafu linaanza kuupa mwanga mgongo, toni inashuka polepole, halafu unafika kwenye mstari ambapo mwanga hauwezi kufika tena. Huo nauita mpaka wa kivuli. Ukivuka mpaka uko kwenye kivuli cha mwili. Lakini tazama tena pembeni kabisa, chini: pana mwanga hafifu unaopanda kutoka mezani. Huo ni mwanga uliodunda, umeigonga meza ukarudi. Na mezani pamelala kivuli cha kutupwa, kizito zaidi pale dafu linapogusa meza, kikilegea kadiri kinavyokwenda mbali.

Kanuni ya kushika hapa ni moja: kwa kitu cha rangi moja, sehemu yoyote ya kivulini isiwe nyeupe kuliko sehemu yoyote ya mwangani. Mwanga uliodunda unatudanganya hapa. Kwa kuwa umezungukwa na giza, jicho linauona mkali, mchoraji anaupaka mkali, na mara kivuli kinatoboka matundu. Mpwa wangu alikuwa ameweka mstari mweupe chini ya kidevu cha muuza madafu. Ungesema kavaa kola.

Mpaka wa kivuli nao si wa ulaini mmoja kila mahali. Kwenye shavu la mviringo unayeyuka polepole. Kwenye ukingo wa pua, taya, au kiwiko kilichokunjwa, unakata ghafla. Wanaoanza hutumia brashi laini ya kupuliza kila mahali kwa sababu inaonekana "kitaalamu", na matokeo yake ni mtu aliyetengenezwa kwa mvuke. Kuna na kosa jirani yake: kufanya giza kuzunguka kingo zote za mwili na kuacha katikati peupe, kila kiungo kivyake. Mwanga huo hautoki popote. Mkono unakuwa mto, shavu linakuwa mto, mhusika mzima ni seti ya sofa.

Hapa ndipo kivuli na anatomia vinapooana, na ndipo watu wengi wanapopitiliza. Huwezi kuweka mpaka wa kivuli kwenye kigasha, yaani mkono kuanzia kiwiko mpaka kifundo, kama hujui kigasha kimeelekea wapi. Njia rahisi ninayoijua ni bangili. Vuta fikra kwamba mhusika wako amevaa bangili kuanzia bega mpaka kifundo cha mkono. Mkono ukiwa umenyooka ubavuni, bangili unaziona karibu kama mistari. Mkono ukinyooshwa kukuelekea, bangili zinafunguka kuwa mviringo, mmoja mbele ya mwingine, na urefu wa mkono unafupika. Ni jambo lilelile la mdomo wa glasi: ukiwa usawa wa macho ni mstari, ukiinama ni yai, ukichungulia kutoka juu ni duara. Chora bangili hizo kwenye leya ya peke yake (leya ni kama karatasi angavu, programu huzipanga moja juu ya nyingine), tumia, kisha izime. Kivuli kitafuata mkunjo wa bangili. Kamwe hakitakata mkono mstari ulionyooka kama alama ya rula.

Kwenye vipimo vya mwili, yapo machache yanayolipa kuliko mengine. Urefu wa mtu mzima wa kawaida ni takriban vichwa 7 na nusu, yaani urefu wa kichwa chake mara 7 na nusu. Wachoraji wanaotaka mtu wa kupendeza huweka 8, na Leonardo da Vinci, kwenye ule mchoro wake wa mtu ndani ya duara na mraba, alikipa kichwa sehemu moja ya nane ya urefu. Mtoto mchanga ni vichwa 4 hivi. Kwa hiyo ukimchora mtoto kama mtu mzima aliyepunguzwa, utapata kibushuti mwenye uso wa hakimu. Macho yako katikati ya kichwa, kuanzia utosi mpaka kidevu. Pima kwa rula mbele ya kioo kama huamini. Karibu kila anayeanza huyaweka juu mno, maana tunaangalia nyuso na kusahau fuvu. Mkono ukining'inia, kifundo kinafika usawa wa kinena na vidole vinafika katikati ya paja. Kiganja pamoja na vidole, ukikiegemeza kidevuni, kinafunika uso karibu wote mpaka kwenye paji. Wachoraji wengi huchora mikono midogo kwa sababu wanaiogopa, na hofu hiyo inaonekana.

Vipimo lakini ni nguo tu. Mwili wenyewe ni uzito. Nenda kituo cha daladala saa kumi na moja jioni uwatazame wanaosubiri. Hakuna aliyesimama kama mlingoti. Mtu anauweka uzito mguu mmoja. Nyonga ya upande huo inapanda, bega la upande huohuo linashuka, na uti wa mgongo unapinda kusawazisha. Teremsha mstari kutoka kwenye kishimo cha koo mpaka chini: kama kasimamia mguu mmoja, mstari unaangukia kwenye mguu huo. Kama unaangukia nje ya miguu yote miwili, basi ama anatembea, ama ameegemea kitu, ama anaanguka. Mama aliyebeba ndoo ya maji mkono wa kulia huegemea kushoto. Ukimchora amenyooka, ndoo hiyo haina maji, hata uipake rangi ya maji namna gani.

Muuza madafu wetu alikuwa na kosa hilo. Alikuwa anapiga panga huku amesimama kama askari wa gwaride. Wakati wa kulikata dafu, mkono wa kulia unapanda, bega lake linapanda nao, mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, unainuka kama mkono wa mizani, mbavu za upande huo zinafunguka na za upande wa pili zinajikunja. Kifua ni yai, nyonga ni ndoo, na kati yao pana kiuno kinachoweza kupinda. Akivichora vitu hivyo viwili kwanza, vikiwa vimeinama pande tofauti, ametatua nusu ya anatomia kabla hajachora msuli hata mmoja.

Kitu kimoja kuhusu kigasha, kwa sababu kinasumbua wengi. Kina mifupa miwili: mmoja upande wa kidole kidogo, mwingine upande wa dole gumba. Kiganja kikitazama juu, kama mtu anayeomba dua, mifupa imelala sambamba na kigasha ni kipana na bapa karibu na kiwiko. Ukikigeuza kiganja kitazame chini, mfupa wa dole gumba unavuka juu ya mwenzake, na umbo lote linajisokota. Jishike kigasha kwa mkono mwingine ukigeuze, utausikia. Muuza madafu analishika dafu kwa kiganja cha kushoto kilichotazama juu, kwa hiyo kigasha chake hakijasokotwa, na dole gumba linatazama nje, mbali na mwili. Cha kulia kimeshika mpini wa panga kwa hali nyingine. Vigasha viwili vya mtu mmoja visifanane. Mpwa wangu alikuwa amechora kimoja akakinakili na kukigeuza kama kioo.

Sasa mwanga. Masomo mengi ya uchoraji tunayoyafuata yametengenezwa nchi za baridi, na mwanga wake wa mfano unatoka juu kushoto, kama dirisha. Ni mwanga mzuri, lakini si wa muuza madafu saa sita mchana. London mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri hufika digrii 15 hivi tu juu ya upeo. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta: mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba, jua husimama utosini kabisa, na hata mwezi Juni adhuhuri bado liko juu digrii 60 hivi. Jua la utosini linafanya mambo yake. Macho yanazama gizani chini ya nyusi. Pua inatupa kivuli kwenye mdomo. Kidevu kinaifunika shingo yote. Mabega na dafu vinawaka, na kivuli cha kutupwa ni kidimbwi kidogo kati ya miguu. Ukimchora mtu wa adhuhuri mwenye kivuli kirefu cha ubavuni, msomaji hatakuambia kosa liko wapi, lakini atahisi kama saa imesimama.

Halafu mchana wa jua una taa mbili. Jua ni taa ndogo, kali, ya manjano kidogo. Linatoa kingo za kivuli zilizo wazi. Anga ni taa ya pili, kubwa mno, ya bluu, na inaingia hata pale jua lisipoingia. Ndiyo sababu kivuli kwenye shati jeupe nje ni cha bluu-bluu wala si kijivu. Ongeza na ardhi: kwenye mchanga mweupe wa ufukweni, au kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe wenye kuta za chokaa, mwanga unadunda kwa nguvu mpaka chini ya kidevu panang'aa. Kwenye udongo mwekundu, suruali nyeupe inapata wekundu kuanzia chini. Na dafu bichi lililoshikwa karibu na tumbo linalipaka shati ukijani hafifu. Ukijani huo mdogo ndio unaofanya dafu na shati viwe mahali pamoja. Bila huo kila kimoja kimebandikwa.

Kwa hiyo nyeusi inaingia wapi? Haiingii. Mpwa wangu alikuwa anafanya wanachofanya wengi: leya mpya, brashi nyeusi, nguvu nusu, anapaka. Wengine wakamshauri atumie modi ya kuzidisha (multiply) na kijivu, ndiyo njia ya wataalamu. Modi ya kuzidisha inachukua namba ya rangi ya juu na ya chini, kila moja kama sehemu ya 1, inazizidisha. Kijivu cha katikati ni kama 0.5. Kila kitu kinakuwa nusu. Na nyeusi yenye nguvu nusu inafanya nini? Kila kitu kinakuwa nusu. Ni hesabu ileile kwa jina la kifahari. Toni inashuka, rangi na kukolea vinabaki palepale, hakuna anga, hakuna ardhi, hakuna damu. Ni masizi. Modi yenyewe haina ubaya. Weka zambarau iliyopauka au bluu badala ya kijivu, uone kivuli kinavyopata hewa.

Nyeupe ni mbaya zaidi. Chukua ngozi ya kahawia yenye digrii 20, kukolea 60 na mwangaza (ile toni yetu) 55, viwili hivi kwa kipimo cha 0 mpaka 100. Ipake nyeupe kwa nguvu nusu ili "kuiangaza". Kukolea kunaanguka kutoka 60 mpaka 21. Hujaangaza ngozi, umemmwagia unga wa ngano.

Ngozi yenyewe inataka maneno ya ziada, kwa kuwa hapo ndipo masomo ya kigeni yanapotuacha njiani. Kiswahili kina jina la rangi ya ngozi ambalo sijaona somo la nadharia ya rangi linaloshinda: maji ya kunde. Chemsha kunde, yamimine maji yake kwenye bakuli jeupe uyatazame. Katikati, palipo na kina, ni kahawia nzito karibu nyeusi. Ukingoni, palipo pembamba, ni nyekundu inayopitisha mwanga. Ngozi inafanya mambo ya namna hiyo. Mwanga unaingia ndani kidogo, unakutana na melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, na damu, unatoka umebadilika. Washa tochi ya simu nyuma ya vidole vyako gizani, utauona wekundu huo. Kwa hiyo kwenye masikio yaliyopigwa na jua kwa nyuma, na kwenye mpaka wa kivuli, sogeza rangi kuelekea wekundu na uikoleze kidogo badala ya kuishusha tu. Kwa ile ngozi ya mfano, mimi huanzia kivuli kwenye digrii 10, kukolea 65, mwangaza 30. Ni namba za kuanzia, zisiwekwe kwenye fremu.

Wapo wanaosema ngozi nyeusi haionyeshi vivuli, ndiyo maana ni ngumu. Waliangalia mahali pasipo. Sehemu ndogo ya mwanga, karibu asilimia 3 ukiingia moja kwa moja na zaidi ukija kwa kupapasa pembeni, haiingii ndani ya ngozi. Inarudi pale juu kama kwenye maji. Kiasi hicho hakitegemei melanini. Ila kwenye ngozi nyeupe mng'aro huo unazama katikati ya weupe mwingine, na kwenye ngozi nyeusi tii unaonekana waziwazi. Umbo la uso mweusi linasomwa kwa ming'aro: paji, mgongo wa pua, juu ya shavu, mtulinga, duara la bega. Na kwa kuwa haikuingia ndani, ming'aro hiyo haina rangi ya ngozi. Ina rangi ya taa. Nje ni bluu ya anga iliyopauka. Ndani, chini ya balbu ya zamani, ni manjano. Kwenye kioski chenye taa za kijani, ni kijani. Anayepaka mng'aro wa rangi ya chungwa kila mahali anachora sanamu ya shaba. Usisahau pia kwamba mtu si kopo la rangi moja: viganja na nyayo ni vyepesi, viwiko, magoti na vifundo vya vidole ni vizito, na mdomo wa juu mara nyingi hauna toni sawa na wa chini.

Mpwa wangu alijaribu mlango wa mwisho, ule wanaoupitia wote: "Lakini mjomba, si inaweza kuwa mtindo wangu tu?"

Inaweza. Edward Saidi Tingatinga, pale Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alichora wanyama kwa rangi za kopo za kung'aa juu ya hadibodi za mraba, bila kuhangaika na jua linatoka wapi, na mtindo wake unaishi mpaka leo. Wachongaji wa Kimakonde wanachonga mashetani wenye mdomo ubavuni na mguu mmoja. Hakuna anayewaambia anatomia imekosea, kwa sababu kila upotofu umeamuliwa na unarudiwa kwa makusudi kwenye kazi nzima. Ukitaka rangi bapa bila kivuli, paka bapa, ni halali kabisa. Kipimo changu ni kimoja: je, unaweza kuuchora mkono huo sawasawa ukiambiwa? Kama huwezi, huo bado si mtindo.

Kuhusu vifaa sina mengi. Programu ya kuchorea ya Krita ni ya bure kwenye kompyuta na inatosha kwa miaka. Nyingine, ibisPaint, inafanya kazi kwenye simu ya kawaida, kwa kidole. Weka rangi bapa kwenye leya moja, bana leya ya kivuli juu yake ili rangi isitoke nje ya umbo, zima hali ya usiku ya simu kabla ya kuchagua rangi, maana skrini ikiwa ya manjano kila bluu yako itakuwa uongo. Na kutazama picha au kujipiga picha umeshika kijiko badala ya panga si wizi wala udhaifu. Kuifuatiza picha ya mtu mstari kwa mstari ukaiita yako, hilo ni shauri lingine.

Alhamisi usiku mchoro mpya uliingia. Nilianza na kijivu, na safari hii muuza madafu alionekana: uso mzito chini ya nyusi, mabega yanawaka, shati limegawanyika pande mbili zilizo wazi. Nikarudisha rangi. Kivuli cha shati kilikuwa cha bluu, na pale tumboni pamepita ukijani wa dafu, kidogo tu, kama aliogopa kuuweka. Bega la kulia limepanda, nyonga imejibu. Panga nalo lilikuwa na umeme wake mdogo kwenye makali. Kisha nikakuza mkono wa kushoto, ule ambao kwenye mchoro wa kwanza aliuficha nyuma ya dafu. Safari hii alikuwa ameuchora wote, vidole vitano, vimelishika dafu barabara, na dole gumba limetazama tumboni.

Nikakilaza kiganja changu cha kushoto chini ya taa ya jikoni, nikakiwekea kitunguu juu yake, nikapiga picha, nikamtumia.